Upanga wa Ndala kwenye Daladala ya Mbezi

Kijana anayepanda daladala Maili Moja, Kibaha, akiwa na upanga wa mita moja na nusu mgongoni, hukutana na jaji wake wa kwanza kabla hajafika kwenye tamasha la kosplei. Jaji huyo ni konda. Konda wa asubuhi hana muda wa kukagua rangi ya mpini wala ufundi wa makali. Anaona umbo, anaona abiria wa viti vya nyuma wameanza kugeuza shingo, anaamua. Kumweleza kwamba upanga mzima una gramu 300, kwamba umekatwa kwenye mpira wa ndala na kupuliziwa rangi ya fedha, kunahitaji utulivu ambao gari lililojaa halina.

Hapo ndipo ugumu wa silaha za maigizo ulipo. Mtengenezaji anataka kitu kitakachomdanganya mtazamaji wa safu ya tatu, au kamera ya simu iliyo hatua nne mbele yake. Hataki kitu hichohicho kimdanganye askari wa doria, mlinzi wa getini au bodaboda anayepita gizani. Mafundi wa nje wanaofundisha kazi hii hutumia muda mwingi kwenye jambo la kwanza, yaani namna ya kuifanya silaha ionekane ya kweli. Kwa mtu wa Kibaha au Kisarawe, jambo la pili ndilo la kuanza nalo.

Mkoa wa Pwani una kumbukumbu zake. Aprili 2017 askari polisi 8 waliuawa kwa kushambuliwa Kibiti, na katika miezi hiyo viongozi wa vijiji na raia wengine waliuawa pia Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Mkuranga na Kisarawe ni majirani. Barabara ya kutoka Kisarawe kwenda mjini nayo inapita Pugu na Gongo la Mboto, ambako usiku wa Februari 16, 2011 mabomu yaliripuka kwenye maghala ya kambi ya JWTZ na kuua watu zaidi ya 20. Upande wa Kibaha kuna Nyumbu, kituo cha jeshi cha teknolojia ya magari, na ukifika Mlandizi kuna kambi ya JKT Ruvu. Watu wa huku wameishi jirani na sare na bunduki maisha yao yote. Wanajua zinavyokaa mwilini, na wakiona kitu kinachofanana nazo mahali pasipotarajiwa, hawacheki.

Sheria nayo haina utani. Silaha za moto zina sheria yake ya udhibiti ya mwaka 2015, lakini kijana wa maigizo mara nyingi hukwama mahali pengine kabisa, kwenye mavazi. Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku 7 kwa raia wenye sare za jeshi, au nguo zinazofanana nazo, kuzisalimisha. Suruali za mabaka zilizokuwa zikining'inia mitumbani bila mtu kuzijali zikawa moto wa kuotea mbali. Kwa hiyo anayetaka kuwa komando wa filamu, na bunduki ya mbao mkononi na mabaka miguuni, amejitafutia maswali mawili kwa mpigo. Na kikundi kinachotaka kurekodi tukio la ujambazi kando ya barabara ya Morogoro kina safari ya kufanya kabla ya kununua hata kopo moja la rangi: kibali cha Bodi ya Filamu, ambayo mizizi yake iko kwenye Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, kisha taarifa kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kwa kituo cha polisi kilicho karibu. Nakala ya kibali isikae nyumbani kwa mwongozaji. Ikae mfukoni mwa anayebeba silaha.

Kosplei, kwa wasioifahamu, ni mchezo wa kuvaa na kuwa mhusika wa katuni za Kijapani, wa filamu au wa michezo ya kompyuta. Mashabiki hushona wenyewe, hujipaka nyuso, hutengeneza silaha za mhusika, kisha hukutana kupiga picha na kushindana jukwaani. Nagoya, Japani, imekuwa na tamasha la dunia la mchezo huo tangu 2003. Afrika Mashariki, mji uliotangulia ni Nairobi, ambako matamasha ya Naiccon na Otamatsuri yanajulikana kwa anayefuatilia anime, yaani katuni hizo za Kijapani. Vijana wa Pwani wanaufuata mchezo huo kwenye simu. Si kwamba wanaanza kutoka sifuri: maigizo ya mahafali, ngonjera na halaiki zimewazoesha kukata, kugandisha na kupaka rangi. Mbio za Mwenge wa Uhuru zilizinduliwa Aprili 2, 2025 kwenye viwanja vya Shirika la Elimu Kibaha, na uzinduzi wa namna hiyo hauendi bila halaiki. Anayetaka kujifunza zaidi ana TaSUBa mkoani humohumo, chuo cha sanaa cha Bagamoyo kilichoanza mwaka 1981.

Uamuzi mkubwa wa usalama hufanyika kabla ya mkasi kugusa chochote. Ni uamuzi wa mhusika gani wa kuigiza.

Chukua wahusika wawili wanaopendwa. Cloud Strife wa Final Fantasy VII, mchezo wa kompyuta wa mwaka 1997, hubeba upanga unaokaribia urefu wake mwenyewe, bapa lake pana kuliko kifua cha mtoto. Naruto, wa katuni ya ninja, hubeba kunai, kisu kifupi chenye ncha na pete kwenye kitako, kinachoingia mfukoni. Wengi wangedhani kunai ndiyo salama kwa kuwa ni ndogo. Barabarani mambo ni kinyume. Upanga wa Cloud hauwezi kuwa wa kweli. Hakuna mhunzi aliyewahi kumtengenezea jambazi kitu cha namna ile, na mtu akiuona kwenye stendi ya Mbezi atauliza tu kama ni wa sherehe. Kunai ikichungulia kwenye mfuko wa suruali ni kisu, basi. Haina alama ya kusema yenyewe kwamba ni mchezo. Kadiri silaha inavyozidi kuwa jambo lisilowezekana, ndivyo mwenye nayo anavyozidi kuwa salama, na kwa bahati nzuri kazi za wachoraji wa Kijapani zimejaa silaha zisizowezekana.

Bunduki ndizo za kuacha. Kuna nchi zilizojaribu kutatua tatizo la bunduki bandia kwa rangi. Marekani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 inadai bunduki za kuchezea ziwe na ncha ya rangi ya chungwa, na Uingereza kwa sheria ya mwaka 2006 ilibana uuzaji wa bunduki bandia zinazofanana mno na za kweli. Rangi imesaidia, lakini ina mwisho wake. Novemba 22, 2014, mjini Cleveland, Marekani, mtoto wa miaka 12, Tamir Rice, alikuwa akichezea bunduki bandia ambayo ncha yake ya chungwa ilikuwa imetoka. Polisi walimpiga risasi sekunde chache baada ya kufika. Askari aliyefika usiku, au aliyeitwa kwa simu ya mtu mwenye hofu, hasubiri kuona rangi ya ncha. Mhusika asiyeweza kukamilika bila bunduki apewe ile ya anga za juu, yenye taa na mapezi na rangi ya zambarau. Bunduki yenye sura ya AK ibaki kwenye karatasi ya mchoraji.

Mtu anaweza kudhani haya yote ni mambo mapya yaliyoletwa na intaneti. Pwani ya Waswahili imecheza askari kwa zaidi ya karne moja. Beni, ngoma iliyozuka kwenye miji ya pwani miaka ya 1890 na kuenea hadi bara baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, ilikuwa na magwanda, vyeo, gwaride na bendi. Vyama vyake vikubwa, Marini na Arinoti, vilishindana kwa umaridadi na kwa majina makubwa ya kijeshi, na mwanahistoria Terence Ranger aliviandikia kitabu kizima mwaka 1975. Serikali ya kikoloni iliwatilia shaka wacheza beni. Walikuwa wakicheza tu, lakini walicheza vizuri mno.

Upande wa usalama wa mwili, walimu wako Makunduchi, Unguja. Kila Julai, kwenye Mwaka Kogwa, wanaume wa pande mbili hupigana hadharani, na silaha yao ni mabua ya migomba. Zamani zilikuwa fimbo. Anayetaka kuelewa silaha nzuri ya maigizo aangalie bua la mgomba linavyofanya kazi: ni kubwa machoni, lina mlio unaosikika mbali, limejaa maji na nyuzi laini, na likigonga mfupa hupasuka lenyewe. Kinachovunjika kwanza ni silaha, mtu anabaki mzima. Kwenye razha, ngoma ya panga ya Waomani, kwa upande mwingine, panga za chuma hurushwa hewani na kudakwa, lakini hao ni watu waliokulia humo, na hakuna anayekabidhi upanga huo kwa mgeni aliyekuja jana.

Kwa hiyo panga la shambani, hata likinolewa kinyumenyume mpaka liwe butu, halina nafasi jukwaani. Hoja ya wanaolitumia ni bei: lipo nyumbani, halinunuliwi. Hoja hiyo ni uvivu tu uliovaa nguo ya uchumi. Chuma butu bado ni chuma, na mkono wa kijana aliyepandwa na msisimko mbele ya watu mia mbili hauna breki.

Mali ghafi bora ni mpira mwepesi unaoitwa EVA, ule wa soli za ndala na wa mikeka ya watoto inayounganishwa vipandevipande sakafuni. Unakatika kwa wembe, unasuguliwa kwa msasa, unajikunja ukipashwa joto na kubaki hivyo ukipoa. Ocean Sole, kampuni ya Nairobi, imeonyesha mpira huo unavyoweza kuchongwa: hukusanya ndala zilizotupwa na kuokotwa ufukweni, huzigandisha kwa matabaka na kuchonga twiga na tembo. Fundi wa Mlandizi anayeweza kupata ndala chakavu za mtaa mzima hana sababu ya kuagiza chochote kutoka China. Azioshe kwa sabuni, azianike, akate kamba, asugue ule upande wenye michoro mpaka uwe sawa, kisha aunganishe.

Gundi ni ile ya mafundi viatu. Watu wengi huiharibu kwa haraka: hupaka upande mmoja na kubandika hapohapo. Gundi hii hupakwa pande zote mbili, huachwa dakika kama 10 mpaka ikiguswa haivuti kidole, ndipo pande zinakutanishwa, na zikikutana hazirekebishiki. Mvuke wake unapumbaza na unashika moto, kwa hiyo kazi hufanyika barazani au chini ya mwembe, mbali na jiko la mkaa na mbali na watoto.

Upanga mrefu wa mpira mtupu hulegea na kuning'inia. Unahitaji uti wa mgongo. Hapa watu huchagua mbao au nondo nyembamba, na wote wawili wanakosea: nondo ni nondo hata ikivishwa sponji, na ubao ukivunjika huacha ncha. Mwanzi ni mbaya zaidi, kwa kuwa haukatiki bali hupasuka kwa urefu na kutoa vibanzi vikali kama wembe. Bomba la plastiki la kupitishia nyaya za umeme, la milimita 20, linalopatikana duka lolote la vifaa vya ujenzi Maili Moja, lina ugumu wa kutosha na likizidiwa hukunjika. Mwisho wake uzibwe kwa kipande cha mpira na utepe, na usifike kwenye ncha ya upanga. Upana wa kiganja kutoka nchani uwe mpira peke yake, ili anayechomwa achomwe na kitu kinachojikunja.

Kisarawe ina njia yake nyingine, njia ya mchongaji. Wazaramo ni wachongaji wa tangu zamani. Sanamu zao za mwana hiti zimo kwenye makumbusho za nje ya nchi. Mti wa kuchonga silaha ya jukwaani, hata hivyo, haupaswi kuwa ule wa kuchonga sanamu. Mninga na mpingo ni mizito mno. Unaofaa ni msufi, ambao uko ukoo mmoja na mbalsa wa Amerika ya Kusini, ule unaotengenezewa ndege za mfano, na mbao zake ni nyepesi kiasi cha kumshangaza anayezibeba mara ya kwanza. Silaha ya msufi hupendeza kwenye picha na kwenye maandamano. Ya kupigania ibaki kuwa ya mpira.

Vipo pia vitu vya bure. Magazeti yaliyochanwa vipande na kulowekwa kwenye uji mzito wa muhogo, yakabandikwa tabaka kwa tabaka juu ya katoni, hutoa ngao na kofia ngumu za kutosha gwaride zima. Hata ukurasa huu ukishasomwa una kazi. Yale mapovu meupe yanayokuja kwenye katoni za televisheni yanachongeka upesi na yanavutia, ila yana kasoro moja inayoliza watu: rangi ya kupuliza huyayeyusha. Kitu kilichochongwa wiki nzima hugeuka uji wa plastiki kwa dakika mbili. Dawa yake ni kuyapaka kwanza gundi nyeupe ya maseremala, mara tatu au nne, kila tabaka likauke. Hata mpira wa ndala unafaidika na matabaka hayo, kwa kuwa rangi isiyo na kitu chini yake hupasuka upanga unapokunjwa.

Sasa udanganyifu wenyewe. Anayeanza hupaka fedha inayong'aa kutoka mpini hadi nchani na kupata kitu kinachofanana na karatasi ya kufungia keki. Chuma cha kweli kina weusi ndani yake. Kwa hiyo rangi ya kwanza ni nyeusi, isiyong'aa. Ikishakauka, burashi huchovywa kwenye rangi ya fedha, hufutwa kwenye kitambaa mpaka ibaki karibu kavu, kisha hupitishwa kwa wepesi kwenye kingo na miinuko tu. Unga wa penseli ukisuguliwa kwa kidole juu yake huleta ule ubaridi wa chuma. Wapo watakaokumbuka makaa ya betri kuukuu yaliyokuwa yakipondwa kupaka mbao za madarasa. Yanatoa weusi mzuri kweli, lakini ndani yake mna manganizi na kemikali nyingine, na hayafai kwa kitu kitakachoshikwa na watoto kutwa. Baada ya hapo kinakuja kinachowashinda wengi, yaani uchakavu. Mpini huchakaa pale dole gumba linapokaa, kutu huanzia kwenye maungio, na makali ya upanga uliotumika hayalingani. Dakika 15 za kuchafua kwa mpangilio, kwa rangi ya kahawia na kitambaa kibichi, hufanya kazi kuliko siku mbili za kung'arisha.

Ukweli mwingine uko kwenye historia. Kikundi cha shule Kisarawe kikiamua kuigiza Vita ya Maji Maji, ambayo Ebrahim Hussein aliiandikia tamthilia ya Kinjeketile, silaha sahihi ni mikuki, pinde na magobori kwa upande mmoja, na bunduki za askari wa Kijerumani kwa upande wa pili. Si jambo la mbali huko. Kibasila, ambaye shule ya sekondari ya Dar es Salaam inabeba jina lake, alikuwa kiongozi wa Wazaramo aliyenyongwa na Wajerumani. Gobori la jukwaani huhitaji mtutu mrefu, kitako chembamba na kijiti cha kushindilia baruti chini ya mtutu. Mtazamaji mzee akikiona kijiti hicho anaamini yote. Lakini magobori yangali yanakamatwa mikononi mwa majangili hadi leo, kwa hiyo gobori bandia husafiri kama bunduki nyingine yoyote: limefungwa ndani ya mkeka au kiroba, pamoja na barua ya mwalimu mkuu, na hutolewa mkekani ukumbini tu. Kama linaweza kutengenezwa vipande viwili vya kuunganishwa, vizuri zaidi.

Anayedhani kwamba bunduki isiyolia haitamshawishi mtazamaji aangalie walichofanya Wakaliga, kitongoji cha Kampala. Isaac Nabwana na wenzake walitoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, filamu ya mapigano inayosemekana kugharimu chini ya dola 200. Dauda Bisaso, fundi wao, aliunda bunduki kubwakubwa kwa vyuma chakavu. Hakuna hata moja iliyofyatua kitu. Moto wa mtutu, moshi na milipuko viliongezwa kwenye kompyuta ambazo Nabwana aliziunga mwenyewe, na damu ilikuwa rangi ya chakula ndani ya kondomu. Mamilioni ya watu waliitazama mtandaoni. Hawakuidai bunduki iwe ya kweli; walifurahia namna watu wale walivyoiamini.

Hollywood, yenye fedha za kila namna, imezika watu kwa kutaka zaidi ya hapo. Oktoba 1984 mwigizaji Jon-Erik Hexum alijiwekea bastola kichwani kwa mzaha kati ya tukio na tukio. Ilikuwa na risasi baridi, yenye baruti bila kichwa cha risasi, na nguvu ya baruti peke yake ilitosha kumuua. Machi 31, 1993, Brandon Lee aliuawa North Carolina: kichwa cha risasi kilikuwa kimekwama kwenye mtutu tangu tukio la awali, na risasi baridi iliyofuata ikakisukuma. Oktoba 21, 2021, New Mexico, mpiga picha Halyna Hutchins aliuawa na risasi ya kweli iliyoingia kwenye bastola ya filamu ya Rust, na mwaka 2024 msimamizi wa silaha wa filamu hiyo alihukumiwa kifungo cha miezi 18. Wote hawa walikuwa na wataalamu. Kikundi cha Kibaha hakina mtaalamu wa baruti, na hakina sababu ya kuwa naye: spika nzuri na kijana mwenye kidole chepesi kwenye kompyuta vinatosha.

Kwenye geti la tamasha kuna utaratibu uliokomaa huko nje ambao haugharimu chochote kuuiga. Kila silaha hupitia meza ya ukaguzi. Mkaguzi huipinda, huipapasa ncha, huigonga kwenye kiganja chake mwenyewe, na akiridhika huifunga kwa kile kifungio cha plastiki cha kukusanyia nyaya: upanga hufungwa kwenye ala usichomoke, na mkuki huvishwa kifungio cha rangi ili mlinzi wa ndani ajue umeshapita. Si urasimu wa bure. Mei 2017, kwenye tamasha la Phoenix, Marekani, mtu aliyevaa kama mhusika aliingia na bunduki za kweli na kukamatwa. Waandaaji wakapiga marufuku silaha zote bandia papo hapo, na maelfu ya mashabiki wasio na hatia wakaziacha nje. Tamasha lenye meza ya ukaguzi linawalinda pia wenye panga za ndala.

Baada ya meza kuna jukwaa, na jukwaani wepesi wa silaha unageuka adui. Upanga wa gramu 300 ukiinuliwa kama wa gramu 300 hauaminiki na mtu yeyote, hata ungepakwa na fundi wa Hollywood. Upanga wa kweli hukaribia kilo moja na nusu. Mwigizaji afanye mazoezi na mfuko wa unga wa kilo 2 mpaka bega likumbuke: mkono unachelewa kuanza, goti linakunja kidogo, na silaha ikishaenda haisimami ghafla bali huvuta mwili nyuma yake. Akirudi kwenye mpira aigize huo uzito.

Pambano lenyewe hupangwa hatua kwa hatua kama ngoma. Anayepiga halengi mwili. Hulenga hewa iliyo kando ya bega, umbali wa kiganja, na kosa la macho ya mtazamaji hufanya mengine. Anayepigwa ndiye mwenye mamlaka: yeye hutoa ishara kwamba yuko tayari, kwa kukutanisha macho, na bila ishara hiyo pigo haliji. Wiki za kwanza kila kitu hufanywa polepole, kasi huongezwa mwishoni, na kichwa hakiguswi hata kwa mpira. Siku ya tamasha wapiganaji hulirudia pambano zima mara moja kabla ukumbi haujafunguliwa, wakiwa na silaha zilezile watakazopanda nazo. Mmoja akichelewa, au akija na upanga ambao mwenzake hajawahi kuushika, pambano hilo linatolewa kwenye ratiba na wawili hao wanapigwa picha tu.